Maziwa Hayasubiri Kikao

Kwenye semina ya siku tatu mjini Nakuru
mkufunzi alichora duara ubaoni
akaligawa kama chapati:
kupanga, kuratibu, kuajiri, kuongoza, kudhibiti.
Tukanakili. Chai ya saa nne ilifika saa nne kasoro,
vikombe arobaini, watu arobaini,
nami nikawaza: huyo wa jikoni ndiye angetufundisha.

Nilirudi Njoro na cheti ndani ya bahasha ya kaki,
nikakitundika ofisini juu ya dawati,
pale ukuta ulipochorwa ramani na maji ya mvua.
Cheti kikaificha ramani.
Nikaridhika.

Mpango wangu wa robo mwaka ulikuwa na rangi tatu.
Lita elfu tatu kila asubuhi, niliandika,
mistari imenyooka kama matuta ya viazi ya Mau Narok.
Ila ng'ombe hawakualikwa kwenye semina.
Mvua ya Aprili ikakawia, nyasi zikawa ufagio,
lita zikateremka: elfu mbili,
elfu moja mia saba,
nami ningali na wino wa kijani.

Kisha ile Jumatano, saa nane za usiku,
Wekulo wa lindo akanipigia:
"Meneja, stima imepotea.
Jenereta inakohoa tu."

Fundi wa mitambo alikuwepo, kwenye karatasi.
Mpwa wa mwenyekiti, ana diploma,
simu yake ilikuwa imezimwa na usingizi wake haujazimwa.
Mwezi wa pili nilimkataa Kiprugut
kwa kuwa hakuwa na hati yoyote
isipokuwa vidole vyeusi kwa oili.
Tukampa kazi ya kuosha mikebe.
Kamati ilipiga makofi. Nami pia.

Akaja kwa baiskeli, tochi ameibana kwa meno.
Hakuniamkia. Aliweka sikio juu ya injini
kama mkunga juu ya tumbo.
"Shika hapa," akasema. "Usiachie."
Nimetoa maagizo mwaka mzima,
mengine ya kurasa mbili, na nakala kwa wahusika wote,
hakuna lililofupika hivyo, hakuna lililoeleweka hivyo.
Nikashika.
Mafuta yakanichuruzikia hadi kiwiko.
Ndani ya tangi, karo ya mwanawe Nyakio wa Kihingo
ilikuwa inapanda joto, digrii sita, digrii saba,
na dawa za mzee Arap Sitienei, na deni letu la chakula cha mifugo,
vyote vyeupe, vyote vimetulia, vyote karibu kuganda.

Saa kumi na dakika kumi injini ilinguruma.
Kiprugut akapangusa mikono kwenye nyasi,
akauliza kama mikebe ya jana ilisuuzwa.

Asubuhi foleni ilikuwa ileile,
mikokoteni, punda, mtoto mwenye sare na kidumu.
Nyaboke alitumbukiza kipimo kwenye mkebe wa mwenyekiti.
Kikazama.
"Ni umande," mwenyekiti akasema.
Nyaboke hakumtazama yeye.
Hakunitazama mimi.
Aliandika namba, akausukuma mkebe kando,
akaita: "Anayefuata!"
Na katika lile neno moja nikasikia
sura nzima ya mkufunzi, ile ya mwisho,
niliyoisinzilia.

Nilipata tumbo joto, sikatai.
Mwenyekiti ndiye anayetia sahihi mkataba wangu.
Nilisimama katikati ya ofisi na mlango,
mguu mmoja ndani, mmoja nje,
hadi wa pili ukaamua kwenda nje
nikasimama kando ya meza ya Nyaboke,
sikusema kitu.
Mkebe ulirudi ulikotoka.

Alasiri nilikishusha cheti.
Ile ramani ya maji imekua,
imeota mkono mpya kuelekea soketi ya stima.
Nikafungua mpango wa rangi tatu,
nikatafuta penseli, ile inayofutika,
nikaandika pembeni:
barua ya Kiprugut, leo.
Mafuta ya jenereta, nani anakagua, siku gani?
Nikatua, nikatazama juu.
Paa.